Meli Hukaguliwa na Nani? Bendera, Klasi na Mkaguzi wa Bandarini

Tarehe 26 Machi 2024, yapata saa saba na nusu usiku, meli ya makontena iitwayo Dali ilikatikiwa umeme ikitoka bandari ya Baltimore, Marekani, ikagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Daraja likaanguka, na vibarua sita waliokuwa wakikarabati barabara juu yake wakafa. Kulipokucha, magazeti yalikuwa yameshatofautiana: huyu kaandika meli ya Singapore, yule meli ya Maersk ya Denmark, mwingine meli ya Wahindi. Kila mmoja alikuwa na chembe ya ukweli. Dali iliundwa Korea Kusini, ikaanza kazi mwaka 2015. Mmiliki na kampuni inayoiendesha wako Singapore, na bendera ni ya huko huko. Aliyeikodi alikuwa Maersk. Mabaharia karibu wote walikuwa Wahindi, na taasisi iliyothibitisha uimara wake ni ClassNK ya Japani.

Basi kati ya hao wote, nani alipaswa kuikagua?

Jibu fupi ni kwamba wakaguzi ni wengi, na kila mmoja ana sehemu yake. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwenye uongozi wa chombo ni kweli tupu. Kwenye ukaguzi, wingi huo umewekwa kwa makusudi, ili mmoja akisinzia mwingine awe macho.

Majina manne ya kushika kwanza

Chukua gari. Limesajiliwa mahali, na aliyelisajili ndiye anayeliruhusu kutembea. Kuna fundi aliyeidhinishwa anayepima breki na chesisi na kuandika kwamba ziko sawa. Barabarani kuna trafiki anayeweza kulisimamisha wakati wowote. Halafu kuna dereva na tajiri wake, ambao kila asubuhi wanajua kama breki inashika au inateleza.

Kwenye meli, aliyeisajili huitwa nchi ya bendera. Fundi aliyeidhinishwa ni taasisi ya uainishaji, ambayo mabaharia huiita klasi tu. Trafiki ni nchi ya bandari, yaani nchi yoyote ambayo meli imeingia bandarini kwake. Dereva na tajiri ni nahodha na kampuni inayoendesha meli, ambayo mara nyingi si mmiliki.

Mfano wa gari una mwisho wake. Gari kwa kawaida hutembea katika nchi iliyolisajili. Meli inaweza kufanya kazi miaka ishirini na tano, ikauzwa kuwa chuma chakavu, bila kutia nanga hata siku moja katika bandari ambayo jina lake limeandikwa kwenye tezi yake, yaani nyuma. Mambo mengi yanayowachanganya watu yanaanzia hapo.

Na trafiki wa Umoja wa Mataifa hayupo. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lina makao London. Mkataba wa kuliunda ulipitishwa Geneva mwaka 1948 na ukaanza kutumika 1958. Halina mkaguzi anayepanda melini, haliwezi kuzuia meli, wala kumnyang'anya nahodha cheti. Kazi yake ni kuwaketisha wanachama waandike kanuni, kisha kila nchi ikazitekeleze nyumbani. Tangu 2016 IMO huzikagua nchi zenyewe kwa lazima, lakini huo ni ukaguzi wa sheria na ofisi. Hakuna anayegonga bamba la chuma kwa nyundo.

Kanuni zilizoandikwa baada ya maafa

Mikataba mikuu ni michache. SOLAS ni ya usalama wa maisha baharini. Toleo la kwanza liliandikwa 1914, miaka miwili baada ya Titanic kuzama, na linalotumika leo ni la 1974 pamoja na marekebisho yake mengi. MARPOL, ya 1973 na 1978, inahusu uchafuzi. STCW ya 1978 inahusu mafunzo, vyeti na saa za mapumziko za mabaharia. Mkataba wa mistari ya shehena, wa 1966, unasema meli izame majini kiasi gani ikipakia. Mkataba wa kazi za baharini, MLC wa 2006, ni wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, na unagusa mishahara ya mabaharia, chakula, malazi na kurudishwa makwao.

Ukizisoma kanuni hizi kwa mpangilio wa miaka, utadhani unasoma daftari la misiba. Mfano ulio wazi kuliko yote ni feri ya Herald of Free Enterprise, iliyoondoka Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987 milango ya omo, yaani ya mbele, ikiwa wazi. Maji yaliingia sitaha ya magari, feri ikalala ubavu ndani ya dakika chache, na watu 193 wakafa. Aliyepaswa kufunga milango alikuwa amelala. Lakini wachunguzi hawakuishia kwake: usukanini hapakuwa na taa ya kumwonyesha nahodha kwamba milango imefungwa, na uongozi wa nchi kavu ulikuwa umeombwa taa hiyo zamani ukapuuza. Kutokana na hilo ikaja kanuni ya usimamizi wa usalama, ISM, iliyoanza kuwa ya lazima tarehe 1 Julai 1998. Inaitaka kampuni yenyewe iwe na cheti, si meli pekee, na iwe na mtu maalumu ofisini ambaye nahodha anaweza kumpigia na ambaye ana njia ya moja kwa moja kwa wakubwa wa juu kabisa.

Jambo moja la kisheria linafaa kujulikana kwa sababu linaeleza kwa nini kanuni hizi husonga haraka kuliko mikataba mingine: marekebisho ya SOLAS huanza kutumika tarehe iliyopangwa, isipokuwa nchi za kutosha zikiyapinga. Kunyamaza kunahesabiwa ni kukubali.

Bendera si uraia wa mmiliki

Sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa ya 1982 inasema kuwe na uhusiano wa kweli kati ya meli na nchi ya bendera, na kwamba nchi hiyo isimamie ujenzi wa meli, vifaa, watu na mafunzo yao. Uhusiano wa kweli ni upi? Sheria haikufafanua, na mlango huo umebaki wazi. Rejista kubwa tatu duniani ni za Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall, na meli zilizomo wamiliki wake wengi wako Ugiriki, China, Japani, Ujerumani na kwingineko. Rejista ya Liberia huendeshwa na kampuni iliyoko Virginia, Marekani. Mongolia, isiyo na hata shubiri moja ya pwani, nayo ina rejista ya meli.

Hizi ndizo zinazoitwa bendera za manufaa. Kuna wanaodhani kila meli yenye bendera hiyo ni bovu. Takwimu za wakaguzi hazikubaliani nao: Liberia na Visiwa vya Marshall zimekaa miaka mingi kwenye orodha nyeupe ya wakaguzi wa Ulaya, yaani ya bendera zenye rekodi nzuri, kwa sababu rejista kubwa ina jina la kulinda na pesa za kuajiri watu. Bendera ya kuogopa ni ile ndogo inayopokea meli ambazo wengine wamezifukuza, bila kuuliza kwa nini zilifukuzwa.

Mbaya zaidi ni bendera isiyokuwapo kabisa. Katika habari za meli za mafuta zinazokwepa vikwazo, utasikia meli imekutwa na cheti cha usajili cha nchi ambayo serikali yake haijawahi kuisikia. Meli ya namna hiyo haina utaifa, na manowari ya nchi yoyote ina haki ya kuisimamisha katika bahari kuu na kupanda kuihoji. Kwa baharia aliyemo ndani maana yake ni chungu zaidi: bima ya meli inaweza isilipe, na hakuna serikali ya kumsemea.

Klasi: fundi anayelipwa na mwenye gari

Mwaka 1760, watu wa bima waliokuwa wakikutana katika mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd jijini London walianzisha orodha ya meli na hali zake. Hawakujali mabaharia hasa. Walitaka kujua watapoteza pesa kwenye chombo kipi. Orodha hiyo ndiyo Lloyd's Register. Zikafuata Bureau Veritas, RINA, ABS, DNV, ClassNK na nyinginezo.

Klasi huvaa kofia mbili. Ya kwanza ni yake mwenyewe: huweka kanuni za unene wa mabamba, uunganishaji, injini na usukani, na hukagua meli tangu inapoundwa. Ya pili ni ya kuazima: nchi nyingi za bendera hazina wakaguzi kila bandari, kwa hiyo huiagiza klasi itoe vyeti vya SOLAS au MARPOL kwa niaba yao.

Anayelipa ada ni mwenye meli, na hapo maswali hayaishi. Erika, meli ya mafuta ya umri wa miaka 24 yenye bendera ya Malta, ilikatika vipande viwili karibu na pwani ya Bretagne, Ufaransa, Desemba 1999. Chuma chake kilikuwa kimeliwa na kutu, na vyeti vyake vilikuwa halali. Mwaka 2012 mahakama ya juu ya Ufaransa iliithibitisha hatia ya RINA, iliyoipa meli hiyo cheti, sambamba na wengine. Tangu hapo hakuna klasi inayoweza kusema karatasi ni karatasi tu.

Mzunguko wa vyeti ni wa miaka mitano. Kila mwaka kuna ukaguzi mfupi, unaoweza kufanyika miezi mitatu kabla au baada ya tarehe ya cheti. Katikati kuna ukaguzi wa kina zaidi, na mwaka wa tano ukaguzi kamili wa kuhuisha. Sehemu ya chini ya meli ya mizigo hukaguliwa mara mbili ndani ya miaka hiyo mitano, kwa kawaida chelezoni, meli ikiwa imetolewa majini, na kati ya mara moja na nyingine isipite miezi 36. Meli ya abiria huhuishiwa cheti kila mwaka. Chuma hupimwa unene kwa mawimbi ya sauti, nukta kwa nukta, na bamba lililopungua kupita kiwango hukatwa na kubadilishwa. Matenki ya farumi, yaani ya maji ya kuisawazisha meli, ndiyo huoza kwanza, kwa kuwa leo yana maji ya chumvi na kesho hewa yenye unyevu, na rangi ikishabanduka kutu hailali.

Kazi ya klasi unaweza kuiona ukiwa umesimama gatini. Ubavuni mwa meli, katikati, pana duara lililokatwa na mstari. Herufi mbili kando ya duara ni za taasisi ya klasi, kwa mfano NK au LR. Pembeni yake kuna ngazi ya mistari: S ni kiangazi, W kipupwe, T bahari za joto, F maji baridi yasiyo na chumvi. F iko juu ya S kwa sababu maji yasiyo na chumvi ni mepesi, na meli ile ile huzama zaidi mtoni kuliko baharini. Ukiona maji yamefunika mstari unaohusika, shehena imezidi. Hapo huhitaji cheti chochote kujua.

Mkaguzi anapopanda ngazi

Ukaguzi wa nchi ya bandari ulikuja kwa sababu bendera zilishindwa. Machi 1978 meli ya mafuta ya Amoco Cadiz, bendera ya Liberia, iliharibikiwa usukani ikapasuka kwenye miamba ya Bretagne na kumwaga zaidi ya tani 220,000 za mafuta ghafi. Nchi za Ulaya zikachoka kusubiri. Mwaka 1982 zilitia saini Makubaliano ya Paris ya kukagua meli za kigeni kwa utaratibu mmoja na kupeana taarifa. Leo yako makubaliano tisa ya kikanda, yakiwemo ya Tokyo na ya Bahari ya Hindi, ambamo Kenya na Tanzania zimo. Marekani ina utaratibu wake unaoendeshwa na walinzi wa pwani. Kanuni moja inawaunganisha: meli ya nchi ambayo haikutia saini mkataba haipewi nafuu kuliko iliyotia saini.

Mkaguzi hapandi meli kwa kubahatisha. Kompyuta huipa kila meli alama kwa aina yake, umri, bendera, klasi, kampuni na makosa ya nyuma. Katika Makubaliano ya Paris, meli yenye hatari kubwa huweza kukaguliwa baada ya miezi mitano au sita, ya kawaida kati ya miezi kumi na kumi na miwili, na yenye sifa nzuri baada ya miaka miwili hadi mitatu.

Ukaguzi wenyewe huanza kabla hajafika sitahani. Ngazi ya kupandia ikoje? Wavu umefungwa? Baharia wa zamu anamuuliza kitambulisho? Mkaguzi mzoefu akifika juu tayari ana nusu ya jibu. Kisha huketi na nahodha kupitia vyeti, na baada ya hapo huzunguka usukanini, sitahani, jikoni, vyumbani na kwenye injini. Vyeti vikiwa halali na meli ikionekana sawa, anamalizia hapo. Akipata sababu ya msingi ya kutilia shaka, kama cheti kilichokwisha, baharia asiyejua kituo chake cha moto, au mafuta yanayoelea kwenye ngama (chini kabisa ndani ya meli, maji machafu yanapokusanyika), ana haki ya kufungua ukaguzi wa kina na kudai vitu viwashwe mbele yake.

Kitu cha kwanza kuwashwa mara nyingi ni jenereta ya dharura. Umeme mkuu ukikatika, inatakiwa ijiwashe na kubeba mzigo ndani ya sekunde 45, na kwenye meli ya mizigo iwe na mafuta ya kuendesha taa na vifaa vya dharura kwa saa 18. Ya abiria, saa 36. Inafeli kwa sababu za aibu kabisa: betri imekufa, valvu ya mafuta imefungwa, au swichi imeachwa kwenye hali ya kuwasha kwa mkono baada ya jaribio la wiki iliyopita. Inayofuata ni pampu ya dharura ya moto. Mkaguzi husimama omo, mipira miwili ya maji ifunguliwe, na maji yatoke kwa nguvu. Mara nyingi pampu inazunguka vizuri ila maji hayaji, kwa kuwa bomba la kuvutia maji limeingiza hewa.

Halafu boti za kuokolea, na hapa nitakaa kidogo. Kanuni inataka zoezi la kuacha meli kila mwezi, na kila boti ishushwe majini ikiwa na watu wa kuiendesha na kuzungushwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Injini ya boti iweze kuwaka ndani ya dakika mbili hata kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Kwenye karatasi mazoezi huwa yamefanyika yote. Ukweli ni kwamba mabaharia wengi wanayaogopa, na wana haki. Kulabu zinazoshika boti kwenye kamba za chuma zimeundwa ziweze kufunguka hata zikiwa na uzito. Zikirudishwa vibaya, zinaonekana zimefunga kumbe hazijafunga, na boti huanguka na watu ndani. Watu wengi wamekufa kwenye mazoezi ya kujiokoa. Basi meli zinakwepa kushusha boti, mikono ya kushushia inashika kutu, grisi inakauka, na siku mkaguzi akisema shusha, hakuna kinachosogea. Kamba za chuma zenyewe zinatakiwa kubadilishwa zisipite miaka mitano. Maboya ya kujipuliza hupelekwa kituo cha huduma kila mwaka. Kifyatuo chake, kinachotakiwa kuliachia boya lenyewe meli ikishazama, kabla halijafika mita nne chini ya maji, hukutwa kimefungwa kinyume: kamba imepitishwa pasipostahili, na boya lingezama na meli.

Wahenga wa mwambao walishasema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mkaguzi naye huishia huko. Maji ya ngama yenye mafuta hayaruhusiwi kumwagwa baharini mpaka yapite kwenye mtambo wa kuyatenganisha, na yatokayo yasizidi sehemu 15 za mafuta kwa milioni. Udanganyifu wa kawaida ni bomba la pembeni linaloruka mtambo huo, ambalo mabaharia hulitania kuwa bomba la uchawi. Mkaguzi hutafuta rangi mpya kwenye bolti za zamani. Akikosa, hupiga hesabu. Meli inayochoma tani 30 za mafuta mazito kwa siku hutumia tani 900 kwa mwezi. Mashapo yake, kwa makadirio ya asilimia 1 hadi 1.5, ni tani 9 hadi 13.5. Kama daftari la mafuta linaonyesha tani 2, nyingine zimekwenda wapi?

Hesabu ya namna hiyo hufanyika pia kwenye usingizi. Baharia apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, zisikatwe zaidi ya vipande viwili na kimoja kisipungue saa sita, na katika siku saba jumla iwe saa 77. Mkaguzi huchukua jedwali la mapumziko akalilinganisha na daftari la meli: jedwali linasema afisa alilala saa nane usiku hadi saa mbili asubuhi, daftari linasema saa kumi alfajiri alikuwa omo akitia nanga. Jedwali lililo safi mno, kila mtu saa zile zile kila siku, ndilo linalomfanya mkaguzi avue kofia na kuketi upya.

Kasoro, kuzuiliwa, kukamatwa

Kila kasoro huandikiwa namba ya hatua. Namba 10 ni imeshatengenezwa, 15 itengenezwe bandari ijayo, 16 ndani ya siku 14, 17 kabla ya kuondoka. Namba 30 ndiyo inayoogopwa: meli imezuiliwa. Nchi ya bendera na klasi huarifiwa, mtu wa klasi huja, kasoro hutengenezwa, mkaguzi hurudi kwa gharama ya mwenye meli, na wakati huo wote aliyeikodi kwa kawaida halipi kodi.

Kuzuiliwa huku watu hukuchanganya na kukamatwa kwa meli. Kukamatwa ni amri ya mahakama kwa ajili ya deni: muuza mafuta hajalipwa, benki inadai, mabaharia wanadai mishahara. Meli nzima na imara inaweza kukamatwa. Kuzuiliwa ni kwa ajili ya usalama, na meli isiyodaiwa na yeyote inaweza kuzuiliwa. Gazeti likiandika neno moja kwa yote mawili, msomaji hawezi kujua tatizo ni deni au ni kutu.

Kuna pia wazo kwamba meli ikishazuiliwa hatari imekwisha. Meli ya Rhosus, bendera ya Moldova, iliingia Beirut Novemba 2013 ikiwa na tani 2,750 za amonia naitreti. Wakaguzi waliona haifai kusafiri wakaizuia. Mmiliki akaitelekeza, shehena ikateremshwa ghalani, meli yenyewe ikazama pale pale bandarini mwaka 2018. Tarehe 4 Agosti 2020 ghala lililipuka na kuua zaidi ya watu 200. Mkaguzi alikuwa sahihi kabisa. Mfumo haukuwa na jibu la nini kifanyike mwenye mali akitoweka. Kuhusu mabaharia waliotelekezwa jibu lilipatikana: tangu Januari 2017, marekebisho ya MLC yanaitaka meli iwe na dhamana ya kulipa hadi miezi minne ya mishahara na nauli ya kurudi kwao. Kuhusu shehena, bado ni juu ya kila bandari.

Na mkaguzi haoni kila kitu. Dali ilikaguliwa New York Septemba 2023 bila kasoro. Wachunguzi wa Marekani walikuja kubaini kwamba waya mmoja ulikuwa umelegea kwenye kiungio chake, kwa kuwa lebo ya waya iliwekwa vibaya ikauzuia kuingia sawasawa. Meli kama ile ina maelfu ya viungio vya waya, na mkaguzi ana saa chache. Anachoweza kupima ni kama watu wa meli wana tabia ya kukagua wenyewe.

Nje ya mfumo huu kuna vyombo vingi kuliko watu wanavyodhani. SOLAS kwa sehemu kubwa inahusu safari za kimataifa: meli za abiria zinazobeba zaidi ya abiria 12, na za mizigo kuanzia ujazo wa jumla (gross tonnage) wa 500. Vyombo vya uvuvi, boti za starehe na meli za mbao za muundo wa jadi, majahazi yetu yakiwemo, havimo. Feri za ndani ya nchi hutegemea sheria ya nchi hiyo na mtu anayehesabu abiria langoni. Le Joola ya Senegal, iliyopinduka Septemba 2002 na kuua zaidi ya watu 1,800, ilikuwa imebeba zaidi ya mara tatu ya idadi iliyoruhusiwa, kwenye safari ya kutoka bandari moja ya Senegal kwenda nyingine.

Kuichunguza meli mwenyewe

Jina hubadilishwa kwa kopo la rangi, bendera kwa barua pepe. Kisichobadilika ni namba ya IMO, tarakimu saba, inayobaki na meli tangu kuundwa hadi kukatwakatwa. Huandikwa nje kwa herufi zisizopungua milimita 200. Ina kinga ndani yake: zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, jumlisha, na tarakimu ya mwisho ya jumla iwe sawa na ya saba. Ya Dali ni 9697428: 63 + 36 + 45 + 28 + 12 + 4 = 188, na mwisho ni 8. Meli inayotangaza namba isiyofuata hesabu hii, imekosea au inadanganya.

Ukiwa na namba hiyo, fungua akaunti ya bure kwenye hifadhidata ya Equasis. Utaona bendera, klasi, kampuni na kila ukaguzi wa bandarini pamoja na kasoro zilizoandikwa. Kasoro moja moja zisikutishe, kila meli inazo. Tazama kama kasoro ile ile inarudi bandari baada ya bandari, na kama ndani ya mwaka mmoja au miwili meli imebadili jina, bendera na klasi kwa pamoja.